Kumpenda jirani wakati nyumba imejaa: jibu kwa mama wa Ndosho

Mama mmoja wa Goma ameniandikia. Nimefupisha maneno yake kidogo bila kuyabadilisha maana:

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Niko Ndosho. Nauza mboga za lengalenga na samaki wadogo wa sambaza mbele ya nyumba. Kambi za waliokimbia vita zilipovunjwa mapema 2025, wifi yangu alikuja kwetu na watoto wake wanne. Mimi nina watano, kuna mume wangu na mama mkwe, kwa hiyo tuko watu kumi na watatu katika vyumba viwili. Mshahara wa mume wangu ulikuwa unapitia benki. Benki zilipofunga, akaanza kutafuta kazi za siku. Kila asubuhi jirani wanagonga: chumvi, makala (mkaa), franka mia tano za maji. Juzi nilificha sahani ya sambaza chini ya kitanda ili watoto wangu wale usiku, wale wengine wakiwa wamelala. Kesho yake katika chumba cha maombi tukafundishwa kwamba upendo hautafuti mambo yake, na kwamba mama wa Mungu hachoki. Nililia mpaka wakafikiri nimeshukiwa na Roho. Tena kuna jirani mmoja ambaye avenyu nzima haimsalimu kwa sababu ya kabila lake, na mimi nimefuata wengine. Je, upendo wa Kristo umeniisha? Mtu wa maisha kama yangu anapenda namna gani?"

Mama, Bwana asifiwe. Sitakuzungusha: upendo haujakuisha. Aliyeishiwa na upendo haoni shida kuficha samaki, wala halii kesho yake. Kilichokuisha ni nguvu, na kabla ya nguvu kuisha yalikuwa yameshaisha mazungumzo. Nyumba ya watu kumi na watatu inaendeshwa na kichwa kimoja, chako, na kichwa hicho hakina mtu wa kumwambia kilichobaki kwenye sufuria. Katika kazi yangu ya kukaa na familia hapa mjini, hilo naliona kuliko jambo lingine lolote: mama anapenda kimya kimya, anagawa kimya kimya, anakosa kimya kimya, halafu siku moja anajikuta amepiga magoti kando ya kitanda na sahani mkononi, anajiuliza amekuwa mtu wa namna gani.

Nianze na hilo fundisho la kwamba mama wa Mungu hachoki. Silikubali, na naomba usilibebe tena hata siku moja. Yohana sura ya 4 inasema Yesu alichoka na safari, akaketi kisimani Samaria kama alivyo. Marko 6:31 inasema wanafunzi walikuwa wamezungukwa na watu kiasi cha kukosa hata nafasi ya kula, naye akawaita waende kando wapumzike kidogo. Na watu wale waliokuwa wanakuja na kwenda walikuwa na shida za kweli, kama wanaogonga mlangoni kwako. Musa naye aliambiwa na baba mkwe wake, katika Kutoka 18, kwamba kazi anayoifanya peke yake toka asubuhi hata jioni itamchosha yeye na kuwachosha watu anaowahudumia. Yethro hakumwambia Musa aache kuwapenda Waisraeli. Alimwambia atafute wengine wa kushika pamoja naye. Anayewafundisha akina mama kwamba kuchoka ni dhambi anawatwika mzigo ambao Bwana hakuwatwika, na mara nyingi asemaye hivyo kuna mtu nyumbani anayempikia.

Sasa hilo neno la 1 Wakorintho 13, kwamba upendo hautafuti mambo yake. Ni neno la kweli na sitalipunguza. Lakini tazama liliandikwa kwa nani. Sura mbili nyuma yake, Paulo anawakemea Wakorintho kwa sababu wakikusanyika kula chakula cha Bwana, wenye navyo walikuwa wanatangulia kula na kulewa, na wasio na kitu wanabaki na njaa mbele yao. Walioambiwa wasitafute mambo yao walikuwa watu walioshiba.

Hapo najua utaniuliza: mchungaji, si ndivyo nilivyofanya na sambaza zangu? Hapana, hukuwa umeshiba. Ila nisikufiche, kuna kitu kimoja kinachofanana, nacho ni kwamba watoto wa wifi yako walijua. Harufu ya sambaza za kukaanga haifichiki chini ya kitanda, mama, na mtoto mwenye njaa halali usingizi mzito. Mtoto aliyelala macho wazi akisikiliza wengine wanatafuna anajifunza kwamba yeye ni mgeni, na hilo linakaa ndani yake kuliko njaa yenyewe. Kwa hiyo sikushauri utoe zaidi. Nakushauri ugawe waziwazi. Zikiwa sambaza ishirini na saba, watoto wote tisa wapate tatu tatu mbele ya macho ya wote, na aliye mgonjwa akiongezewa moja, useme kwa sauti kwa nini ameongezewa. Mtoto anaweza kuvumilia kidogo. Asichoweza kuvumilia ni kidogo kinachofichwa. Na wako wewe uliowazaa hawatakufa kwa kula tatu badala ya tano. Watakua wakijua kwamba binamu zao ni watu.

Nikupeleke kwa yule Msamaria wa Luka 10, kwa sababu tumemhubiri sana na mambo aliyoyafanya hatuyatazami kwa makini. Alimwona mtu njiani, akamsogelea, akafunga jeraha zake na kuzitia mafuta na divai aliyokuwa nayo. Akampandisha juu ya mnyama wake. Akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwambia amtunze, na akigharimia zaidi atamlipa atakaporudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kama unavyosoma katika Mathayo 20. Kwa hiyo alitoa kazi ya siku mbili, akaendelea na safari yake.

Akaendelea na safari yake! Yesu hakumlaumu kwa hilo. Hakumbeba yule mtu mpaka kwake, hakuuza punda, hakuacha biashara iliyompeleka njiani. Alitoa alichokuwa nacho: mafuta, divai, punda, usiku mmoja, pesa ya siku mbili. Kisha akamwingiza mtu mwingine katika kazi ile, na akaahidi kurudi. Upendo wake ulikuwa mkubwa na bado ulikuwa na kipimo, na ulikuwa na mwenye nyumba ya wageni. Nikisoma barua yako namwona Msamaria vizuri kabisa. Mwenye nyumba ya wageni simwoni. Hayupo, au yupo na hujamwita.

Paulo naye, akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, anaandika katika 2 Wakorintho 8 kwamba utoaji unakubalika kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho, na kwamba hataki wengine wapate nafuu ninyi mkipata taabu. Anataka pawe na usawa. Waandikie hao wa chumba cha maombi andiko hilo kwenye karatasi.

Basi tuingie nyumbani.

Anza na mume wako, wawili tu. Usianze usiku mkiwa mmechoka na mama mkwe anasikia nyuma ya pazia. Mkitoka ibada Jumapili, mtembee polepole, umwambie kwa hesabu: unauza kiasi gani kwa siku, nyumba inakula kiasi gani, mlangoni kinatoka kiasi gani. Usianze na lawama wala na machozi, anza na hesabu. Nimekaa na wanaume wengi tangu benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, na nakuhakikishia kwamba kimya chao mara nyingi si ukali. Ni aibu ya kutoka asubuhi mikono mitupu na kurudi jioni mikono mitupu. Ukimpa hesabu unampa kazi ya kufanya pamoja nawe, na mwanaume mwenye aibu anahitaji kazi kuliko anavyohitaji faraja.

Kisha yeye, si wewe, ndiye azungumze na dada yake, mama yao akiwepo. Wewe ukimwambia wifi kwamba chakula hakitoshi, hata ukisema kwa sauti ya malaika, atasikia kwamba anafukuzwa, na habari itafika vijijini Masisi kabla ya jioni. Kaka yake akisema, "Dada, hapa ni kwenu, hatukufukuzi, tunataka tupange pamoja," neno hilo hilo linakuwa baraka. Mila hii si ya kudharau. Inalinda heshima ya aliyepokelewa.

Na hapo ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Sheria ya Musa, Walawi 19, ilimwamuru mwenye shamba asivune pembe za shamba lake wala asirudi kuokota masazo. Ayaache kwa maskini na mgeni. Haikumwambia agawe mavuno yote. Ilimwambia aamue mapema sehemu ambayo si yake, na maskini aje aivune kwa mikono yake mwenyewe. Ruthu alikula hivyo. Tena Boazi aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke katika matita wayaangushe kusudi, ili Ruthu ayaokote, na wasimkemee. Fikiria alivyojali! Angeweza kumpa gunia mbele ya watu wote, akasifiwa. Alichagua kuangusha masuke ili yule mjane mgeni arudi kwa mama mkwe wake akisema, nimeokota leo, nimefanya kazi.

Wifi yako ametoka kijijini kwake, akaishi chini ya hema, na sasa analala sakafuni kwa kaka yake. Kila siku anapokea. Kupokea kila siku kunavunja mtu, mama, hata anayepokea kutoka kwa ndugu. Kwa hiyo mwangushie masuke. Ukiteremka Kituku asubuhi kununua sambaza, yeye akae mezani auze lengalenga, na pesa ya fungu fulani iwe yake, asiulizwe. Au mnunue gunia moja la makala pamoja, yeye auze kwa kopo na faida mgawane. Faida ya makala ya rejareja ni ndogo, unajua mwenyewe kuliko mimi. Lakini siku atakayomnunulia mtoto wake daftari kwa pesa yake, utaona anavyotembea.

Kwa jirani wanaogonga asubuhi, fanya kama yule mwenye shamba. Amua usiku kitakachotoka kesho: labda kopo moja la makala, chumvi kidogo, mafungu mawili ya mboga ambayo hata hivyo yangenyauka. Kiweke pembeni. Kesho anayekuja mwenye shida, mpe kutoka hapo kwa furaha, usimhoji, usimkumbushe ya juzi. Kikiisha, sema kimeisha. Wengi wetu hatujui kusema hivyo. Tunasema mume hayupo, tunamtuma mtoto aseme mama amelala, na mtoto anajifunza uongo kwa jina la adabu. "Ya leo imeisha, mama. Kesho pitia mapema." Hayo ni maneno ya upendo pia. Anayesikia hivyo leo na kupata kesho atakuamini, na ukweli wako ni sehemu ya sadaka yako.

Sasa, mwenye nyumba ya wageni. Kanisa la kwanza lilipokua, Matendo 6 inasimulia kwamba wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wenye nyumba waongeze bidii kila mmoja kwake. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba, nao wakapewa kazi hiyo kwa majina yao. Katika chumba chenu cha maombi mko nyumba ngapi? Na ngapi zimepokea wageni? Peleka jambo hili kwa kiongozi wa chumba, si kama ombi lako binafsi; liweke kama jambo la kanisa: nyumba zenye wageni ziorodheshwe, na zile zisizo na wageni zishike siku. Familia moja inaweza kupika sufuria ya maharage kila Jumatano na kuileta kwenu. Nyingine inaweza kuchukua watoto wawili wa wifi mchana wa Jumamosi ili ufue na ulale. Wakatoliki wenzetu wanalifanya hili katika shirika, jumuiya yao ndogo ya mtaa, na mashirika mengi yanalifanya vizuri kutushinda sisi. Hakuna aibu kujifunza kwao.

Kama mtaani kwenu kuna MUSO, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, ingia. Huko Bukavu na hapa Goma wengi wanaijua kwa mkopo tu, ule mfuko wa kijani ambamo wanachama wanaweka akiba na kukopeshana. Lakini MUSO ina mfuko mwekundu pia, wa msaada: kila mwanachama anatia kidogo katika kila kikao, na pesa hiyo harudishiwi mtu, inangoja ugonjwa, msiba, uzazi, moto. (Wa tatu ni wa bluu, wa pesa zinazotoka nje.) Mimi mfuko mwekundu nauona kuwa ni wa kiinjili kabisa. Unatoa bila kujua utamfikia nani, huenda ukamsaidia mtu usiyempenda, na siku yako ikifika unapokea bila kuomba mlango kwa mlango. Kundi la akina mama wachache wa avenyu moja linaweza kuanza na mfuko mwekundu peke yake, daftari moja, na sanduku ambalo mwenye ufunguo si yule anayelala nalo.

Umeniuliza mtu wa maisha kama yako anapenda namna gani, na naona katika swali lako kwamba unahesabu upendo kwa vitu. Vitu vina nafasi yake. Yakobo anatukataza kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chochote. Lakini nenda wodini, hospitali yoyote ya mji huu, saa mbili usiku. Unajua kwetu mgonjwa anatunzwa na watu wake: wanaleta chakula, wanafua shuka, wanakimbia kununua dawa, na mlinzi wa mgonjwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Utaona mama aliyekaa na mtoto wake usiku mfululizo, macho mekundu, hawezi tena hata kukumbuka dawa ya saa ngapi. Mtu akiingia akamwambia, "Mama, leo nalinda mimi, wewe lala mpaka alfajiri," amempa kitu ambacho hakuna tajiri aliyekileta. Hakigharimu franka. Kinagharimu usiku mmoja, na hakuna atakayekupiga picha. Huenda kwa wiki hizi wewe hutaweza hilo. Binti yako mkubwa je? Upendo wa nyumba si lazima upitie mikononi mwako kila mara.

Pia kuna upendo wa mezani pako, pale unapouza. Goma ina mtu wake wa kutufundisha hilo. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa mwaka 1981, akafanya kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ya waumini walei Wakatoliki, na jioni zake alizitoa kwa watoto wa mitaani, hao tunaowaita maibobo na kuwafukuza. Julai 2007 alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Akatekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Mimi ni Mprotestanti, na namtaja mimbarani bila wasiwasi. Aliowapenda hakuwajua majina. Walikuwa watu ambao wangenunua chakula kile sokoni, wakapika, wakawalisha watoto wao. Hawakuja kumshukuru kwa sababu hawakujua kama walinusurika.

Sizitaji habari zake ili uutafute msalaba wa namna hiyo. Nakukumbusha kwamba kila asubuhi watu wasiokujua wanakula kutoka mikononi mwako. Sambaza zilizolala siku mbili ukazitenga badala ya kuzichanganya na mpya, umempenda mtoto wa mtu Katindo ambaye hutamwona. Kopo la kupimia lisilobonyezwa kitako ni huduma. Najua hasara yake kwa mwenye mtaji mdogo, na ndiyo maana nasema ni upendo, kwa maana unalipa wewe na anafaidi mwingine.

Nibaki kwa jirani yako asiyesalimiwa, kwa sababu hilo ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako, kuliko sambaza.

Tunajua yaliyotupata katika mji huu. Kila nyumba ina wafu wake na ina mtu wa kumlaumu. Sitakuomba usahau, na sitakuambia kwamba vita haina wahusika. Lakini huyo mama wa avenyu yako amefanya nini? Katika barua yako hakuna kosa lake hata moja isipokuwa mahali alipozaliwa. Msamaria aliyeokoa mtu alikuwa wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Yesu alimchagua huyo kusudi, na yule mwalimu wa sheria alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakuweza hata kutaja kabila lake, akasema tu ni yule aliyemwonea huruma. Na katika Mathayo 5 Bwana anauliza, mkiwasalimu ndugu zenu tu, mnafanya nini cha ziada? Angeweza kutoa mfano mkubwa, wa kufia adui. Akachagua salamu.

Basi msalimie. Kesho, akipita na bidoni yake ya maji, kwa sauti inayosikika: "Mama, umeamkaje? Watoto wazima?" Usisubiri wengine wasiwepo. Salamu ya kuvizia ni nusu ya salamu. Wataongea, ndiyo, watakuuliza umeanza lini urafiki naye. Jibu kwamba yeye ni jirani, na uendelee kupanga mboga zako. Maneno yakianza juu yake pale mezani pako, usiyaongezee na usiyapeleke mbele. Katika siku kama hizi uvumi unaua mtu, na aliyeufikisha hahesabiwi kama muuaji, ila Mungu anaona njia uliyopita. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na wengi wetu tukaamriwa kuhama, tulipokelewa Sake, Minova, Bukavu na ng'ambo ya mpaka na watu wasiotujua. Wengi walifungua mlango kabla ya kuuliza kabila.

Huenda hatakuitikia siku ya kwanza. Mtu aliyenyimwa salamu kwa muda mrefu anaogopa akisalimiwa. Anafikiri ni mtego. Msalimie tena. Usimpelekee chakula upesi, asije akadhani unamnunua au unamhurumia. Siku moja mwombe yeye kitu kidogo: kiberiti, chujio. Anayeombwa anajua kwamba amehesabiwa kuwa mtu wa mtaa huo.

Kuna mambo mengine nayasema kwa kifupi tu, kwa kuwa nimeyaona yakiharibu nyumba. Usikope ili utoe, hasa kwa zile Banque Lambert, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kunyonga. Sadaka ya mkopo huo italipwa na watoto wako. Usitoe kwa siri mali ambayo mume wako anaitegemea. Hata ikiwa kwa kanisa, ongeeni kwanza. Na akitokea mtu nyumbani anayekupiga au anayemgusa mtoto vibaya, hapo usitafute andiko la kuvumilia. Toka, mlinde mtoto, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo.

Kikao cha mume wako na dada yake kisizidi wiki hii. Wifi akikasirika mwanzoni, mwache akasirike siku mbili tatu, na mpango uendelee: makala yanunuliwe, meza igawanywe, sahani zigawiwe mbele ya wote. Mwambie mume wako kwamba umeniandikia na mpe asome jibu hili. Kiongozi wa chumba cha maombi akisema orodha ya nyumba zenye wageni haiwezekani, muulize ni nyumba zipi mbili zinazoweza kuanza, umletee majina, kisha niandikie alichojibu.